Mwenzangu wa Kitanda cha Juu

Bweni la Wasichana,
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Baba anasema unakusumbua kila ukitoka zamu ya wodini. Sisi huku wazima. Mwili wangu hauna neno, ila roho imebanwa.

Uliniuliza ninasoma nini kwenye uchumi. Muhula huu ni jinsi watu wanavyoamua mambo wakijua wenzao nao wanawapigia hesabu. Nililipenda somo hilo mpaka mwalimu alipotuchezesha.

Alitugawa wawili wawili, kila mtu chumba chake, simu kazikusanya. Unaandika neno moja: gawa au chukua. Wote mkigawa, alama nusu kwa nusu. Mmoja akichukua, anazoa zote. Wote mkichukua, mnatoka mikono mitupu. Nilipangwa na Kasuku, yule msemaji ninayeishi naye chumba kimoja. Kabla ya kutenganishwa tulishakubaliana kugawana. Mimi nikagawa, yeye akachukua.

Kikulacho ki nguoni mwako, na changu kinalala kitanda cha juu. Nilipomuuliza, alisema huku akikunja nguo zake, "Nilijua wewe hutanigeuka. Ndiyo maana nilithubutu." Mwalimu alimsifu mbele ya darasa zima.

Nikaomba kuhama chumba; mlezi wa bweni akasema vyumba vimejaa. Nikaomba nisicheze duru ya pili, mwalimu akasema, "Kutocheza nako ni kuchagua. Utapata sifuri." Na mwenza ni yuleyule.

Tangu hapo kitanda kikilia huko juu, nawaza anawaza nini, na najua naye ananiwaza. Akinichotea maji, najiuliza anataka nini. Hata sweta uliyonitumia, Shangazi, niliishika nikajiuliza hivyo hivyo. Nilijichukia.

Juzi tukacheza tena. Nilishika kalamu nikapiga hesabu. Nikichukua, nimekuwa yeye. Nikigawa, mjinga wa mara mbili. Niligawa, lakini kwa kuchoka, si kwa wema. Naye akagawa.

Tulipotoka nilimuuliza kama alinionea huruma au aliogopa nitalipiza. Alitoa ufunguo wa chumba mfukoni, akaugeuzageuza. Kisha akasema, "Nikikwambia huruma, utaniamini?"

Mpaka leo sijamjibu, na tunatumia ufunguo mmoja.

Nisalimie bibi, na kitinda mimba wako mwambie aache kukua kabla sijamwona. Mola akupunguzie maumivu, akuongezee usingizi.

Ni mimi mwanao, nikupendaye,
Binti wa kaka yako.