Mikaratusi ya Kisimani

Jumatatu, 10 Julai 1995
Kisimani tena, saa kumi na mbili asubuhi. Debe moja linajaa nikiwa nimeshachambua bakuli zima la maharagwe ya njahi. Miaka minne iliyopita lilijaa kabla sijamaliza kufunga leso. Kina mama kumi na wawili kwa laini, wote wamenuna. Kisima kikikauka Gatuanyaga hii, tumekwisha.

Ijumaa, 14 Julai
Nimeenda Thika kumuuliza afisa wa misitu. Ati ni mikaratusi. Inakunywa maji kama ng'ombe wa maziwa. Haiya! Ile tuliyozungushia kisima wenyewe! Na wazo lilikuwa langu. Nilisimama mbele ya kikundi chetu cha kina mama nikasema inakua haraka, nikapigiwa makofi. Aibu mpaka nimesahau kununua sukari.

Jumamosi, 15 Julai
Nimekiri kwa mkutano. Wamenicheka. Kila mti tuliupa jina la aliyeupanda, na hakuna anayethubutu kugusa wa mwenzake. Basi kila mtu akate wake. Mama Kamau amekataa katakata. Wake ndio mrefu kuliko yote, na kila siku anatukumbusha. Ati nianze kwa kukata ulimi wangu. Mwanamke huyu!

Alhamisi, 20 Julai
Kumi na moja chini. Wangu wa kwanza. Visiki tumeng'oa, vikiachwa vinachipuka. Mikono malengelenge matupu. Mahali pake tumepanda mikuyu, hiyo hutunza maji, na mmoja tumeupa jina la Mama Kamau hata kama ananuna. Maji ni yale yale. Nikiwa nimekosea tena, nahamia kwa mama yangu Kiganjo.

Jumamosi, 5 Agosti
Siamini. Mama Kamau amekuja kisimani kulalamika kwamba mkuyu wake umepandwa vibaya. Akaung'oa, akachimba shimo lake, akaupanda upya. Akatuangalia. Kisha akaomba shoka. Mkaratusi wake ulipoanguka tulipiga vigelegele mpaka ng'ombe wakakimbia. Amelia kidogo. Nimemshika mkono.

Jumatano, 23 Agosti
Jua kali. Maji yameongezeka kidogo, ama ni macho yangu? Sijasema kwa mtu. Naogopa.

Jumamosi, 23 Septemba
Mvua haijanyesha hata tone. Leo nimefua blanketi zote nne kwa maji ya kisima, na nikazisuuza mara mbili. Mume wangu, Baba Njeri, amezikuta zimeanikwa kwa ua, akauliza kama tunahama. Nimecheka peke yangu. Sasa nimekaa mlangoni, vidole vimejikunja kwa maji.