Treni Isiyofungua Milango Kiwangwa

Dar es Salaam,
Jumapili jioni

Kaka yangu Cosmas,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, wifi Teddy na watoto, na kwamba mananasi yamenusurika na jua hili. Mimi mwili hauna ugonjwa. Moyo ndio umejaa, na nimeacha simu nikashika kalamu kwa sababu kwenye simu ungenikatisha.

Kazi yangu unaijua. Watu hudhani kupanga ratiba ya treni ni kujaza saa kwenye karatasi. Reli yetu ni ya njia moja. Treni ya kwenda na ya kurudi haziwezi kupishana ila pale penye njia ya pili, moja ingoje nyingine. Ndiyo maana nilipopewa treni ya abiria ya mkoa nilikuja kwanza huko nyumbani Kiwangwa, nikakaa na kina mama wauza mananasi. Mwanamvua, jirani yetu, aliniambia treni ikichelewa asubuhi haiwafai, maana wanunuzi wa sokoni wanakuwa wameshatawanyika. Mama naye alitaka kwenda kliniki ya moyo na kurudi siku ileile, alale kitandani mwake. Nikazipanga treni zipishane Kiwangwa asubuhi na mapema. Kwa kuwa lazima zisubiriane pale, kupakia abiria hakumcheleweshi mtu yeyote.

Wiki za mwanzo Mama alirudi akicheka, akisimulia alivyoinyoosha miguu yake iliyovimba. Hata wewe ulinipigia ukanipongeza.

Kisha meneja wetu, Bwana Mikdad, aliniita akanieleza kuwa Kiwangwa imeondolewa kwenye vituo vya abiria. Nikamwambia treni itasimama pale vilevile, njia ya kupishana haihami. Akajibu kuwa itasimama, ila milango haitafunguliwa, kwa sababu wananchi wenyewe hawaitaki. Nikauliza wananchi gani. Akaniambia nirudi mezani kwangu.

Jumanne iliyopita nilikuwa ndani ya treni hiyo nikikagua mwendo. Tukasimama Kiwangwa kuwangoja wenzetu. Kina mama walikuwa nje na matenga yao, wanatutazama kama watu waliofika kwenye harusi wasiyoalikwa. Ndipo nikamwona Mama, amevaa kitenge chake cha kanisani, anagonga mlango kwa kiganja. Mhudumu akampungia mkono aondoke. Mama hakuondoka. Nilimsikia kupitia dirishani: "Baba, si mmesimama? Nifungulie tu."

Nilimsukuma yule mhudumu nikafungua. Nikamvuta Mama ndani, na Mwanamvua nyuma yake, na wengine waliowahi.

Mama alipopata pumzi akanishika mkono, akauliza taratibu, "Tekla mwanangu, sisi tulikukosea nini?" Sikumwelewa. Akasema amekosa kliniki mara mbili, kwani kwenye vibasi vyako vya Costa, vilivyobanana, hawezi kukaa na miguu ile. Nilipomuuliza nani kamwambia kituo nimekiondoa mimi, akasema aliyemwambia ni wewe, Cosmas. Nikakutetea. Nikamwambia huenda nawe ulidanganywa.

Kesho yake nilisimamishwa kazi. Mikdad hakuwa hata na hasira. Alisema nisimlaumu yeye, nikamuulize kaka yangu. Kumbe ulikwenda ofisini kwake na wenye magari wenzako, ukajifanya unasema kwa niaba ya kijiji kizima, kwamba treni inahatarisha watoto na mifugo, kituo kifungwe. Sikuamini mpaka dereva wako Clever alipokiri kwamba yeye ndiye aliyewapeleka.

Ulitaka abiria wako warudi. Hilo ni tamaa ya biashara, na hata kazi yangu ningeweza kuisamehe. Lakini ulimfungia Mama mlango, kisha ukamwambia mkono uliofunga ni wangu. Hilo sijui nilimezeje.

Mama yuko hapa kwangu, anatumia dawa na anaendelea vizuri. Bado sijamwambia ukweli, naye mpaka leo anaamini kituo nilikifunga mimi. Jumamosi nitamrudisha nyumbani. Uwepo, na umwambie kwa kinywa chako mwenyewe. Usipomwambia, nitasema mimi, mbele ya wifi na watoto.

Wasalimie wote hapo. Mama nimemwambia nakuandikia, naye kaniomba nikufikishie salamu zake: anakushukuru kwa kuwa mtoto pekee ambaye hajamtupa.

Ni mimi mdogo wako,
Tekla