Punje Yenye Wino

Felista mwanangu,

Sikuulizi hujambo, maana udongo wa kaburi lako niliutupia kwa mkono wangu. Naandika kwa kalamu ya mwanao Anjela, na usinicheke mwandiko. Kisomo cha watu wazima nilikifuata mwenyewe baada ya kutoka shamba. Wewe ulipelekwa shule asubuhi na bado ukatoroka.

Maharage yamesimama vizuri. Ile sabuni uliyokuwa ukiipangia foleni mjini sasa inauzwa hata huku juu njiani, ya kila rangi, na mitumba imetandazwa mpaka nje ya kanisa. Kila kitu ruksa siku hizi, ila wewe kurudi.

Lakini sikushika kalamu kwa ajili ya sabuni. Naogopa, Felista. Mimi mama yako, naogopa.

Walikuja watu wa hospitali kupima homa ya ini. Walisema wanataka kujua watu wa milimani wanayo kwa wingi gani. Walipotaja macho ya manjano na tumbo kujaa maji, nilikaa chini palepale. Ndivyo ulivyorudi kutoka chumba chako cha Mwembesongo kule mjini, kiwanda ulichofanyia kazi kilipofungwa. Majirani wakanong'ona kwamba umeleta ule ugonjwa wa mjini. Mama Bathlomeo nilimtoa msibani kwa ufagio, na nikimkuta tena nitamtoa tena.

Basi nikasema, Mungu amewaleta, watampima Anjela. Nikamwogesha, nikamvalisha gauni la ubatizo ingawa limeshambana kwapani. Kumbe wana utaratibu wao. Kila nyumba wanapima mtu mmoja tu. Wanatia punje za mahindi kwenye kofia, moja imepakwa wino, na atakayeiokota ndiye anatoa damu. Kwetu tuliingiza mikono mimi, Anjela na kaka yako Simoni. Punje yenye wino ikaja kwangu mimi, kizee!

Nikaisukumiza kwenye kiganja cha Anjela. Nesi akaniona. "Bibi, tukichagua tunaowataka, hesabu yetu itakuwa ya uongo." Nikamjibu, "Hesabu yako haijazika mtoto." Wenzake wakainamisha vichwa. Yule binti hakukasirika, wala hakuniachia. Ana ukaidi kama wako.

Akanifunga mpira mkononi. Sindano aliitoa kwenye karatasi, mpya, si zile za kuchemshwa tulizochomwa sisi wote kwa zamu. Damu ikiwa inaingia kwenye kichupa, akaniuliza ulikufaje. Nikamweleza. Akasema polepole kwamba ugonjwa huu mara nyingi mama humpa mtoto wakati wa kuzaa. Mama mwenyewe anaweza kulima, kucheza ngoma, akazeeka, asijue kama anao.

Nikakitazama kile kichupa. Damu yenyewe nyekundu tu, kama ya mtu yeyote.

Unaelewa, mwanangu? Nilikwenda pale nikimwogopea Anjela kwa sababu yako. Nimerudi nyumbani naogopa kwa sababu yangu. Ulizaliwa mkekani, mvua inapiga bati, ukalia kabla hata sijakuona. Labda saa ileile ndiyo nilikupa. Na wewe ukampa yeye. Miezi yote ile nilikugombeza: umekunywa nini huko mjini, umekula kwa nani, umelala wapi. Ulikuwa ukigeukia ukutani na kusema, "Mama, sijui." Kweli hukujua.

Nesi aliniita pembeni kabla hawajaondoka. Akasema mwenye kutaka jibu lake ashuke hospitali ya mjini, yeye yupo, na Anjela nimlete, atampima nje ya hiyo hesabu yao. Akijulikana mapema ataangaliwa mapema. Nikaitikia kwa sauti kubwa, unanijua. Tangu hapo sijashuka. Mara magugu, mara mguu, mara utelezi. Kila asubuhi namtoa Anjela juani na kumfunua kope. Jana kaniuliza, "Bibi, unatafuta nini humo?" Nikamwambia takataka. Akasema, "Mbona huipati?"

Nimechoka kutafuta. Simoni keshatangulia kupeleka kabichi sokoni, na sisi tukimaliza uji tunashuka. Gauni la ubatizo nimelifumua kwapani. Anjela nitamshika mimi mkono akichomwa, na akilia nitamwacha alie. Lolote watakaloliona kwake, nitamlea nalo. Nakuahidi hilo, na ahadi yangu unaijua.

Na jibu langu nitalileta hapo ulipolala, nilitamke kwa mdomo wangu, si kwa karatasi. Likiwa jema, nitang'oa majani nikae nawe kidogo. Likiwa baya, nitakaa vilevile. Nimekugombeza maisha yako yote, Felista, mpaka kitandani. Siku hiyo nitanyamaza, unigombeze wewe.

Pumzika, mwanangu. Anjela ananiita, uji unapoa.

Mama yako