Tangi Chini ya Kitanda

Rungwa, 6 Mei 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje, na mama ameacha kukohoa? Sisi wazima. Mjukuu wako Pendo ameng'oka meno mawili na hataki kucheka mbele za watu.

Naandika kwa sababu mnara wa simu wa huku umekufa tangu Pasaka. Festo, dereva wa lori la asali, ndiye anayetubebea barua.

Baba, kuna kitu kinanitisha. Unajua nalinda kambi ya Dada Catherine, yule mtafiti wa nyuki. Ameniachia karavani yake, kile kinyumba cha magurudumu kinachovutwa na gari, nilale humo na Pendo mpaka arudi. Chini ya kitanda kuna tangi la kuchemshia maji kwa gesi. Kazi yangu ni kulitunza: kila mwezi nafungua kizibo cha chini na kulisuuza mpaka ule unga mweupe uishe, maana maji ya huku ni chumvi tupu. Hilo alinionyesha, naliweza. Shida ni kivalvu cha shaba kilichotokeza ukutani kwa nje. Hicho hakunieleza. Nikiwasha, kinadondosha maji, tii, tii, mpaka nizime, na tangi linanguruma humo ndani. Maji nachota mbali, baba, na kisima kinakauka. Nifanyeje? Mwenzio nalala juu yake!

Mwanao,
Yasinta

Sepuka, 12 Mei 2024

Mwanangu Yasinta,

Marahaba. Mama yako hajambo, kikohozi kimehamia kwangu. Mwambie Pendo kibogoyo mwenzake anamsalimu.

Eti tangi linakutisha! Wewe uliyekuwa unapanda kwenye mizinga na mimi ukiwa hujaota hata kifua! Nimecheka mpaka mama yako akaja kutazama. Sikiliza. Kinachovuja huzibwa. Sisi huku tunafukua mchanga wa mto kupata ndoo moja, halafu chombo kikae kinamwaga tu? Chonga kijiti cha mti mgumu, kipake nta, kipigilie kwenye mdomo wa hicho kivalvu. Juu yake funga mpira wa tyubu ya baiskeli, ukaze mpaka mkono uchoke. Ndivyo tunavyoziba mapipa ya asali, na hakuna lililowahi kutuaibisha. Kunguruma kusikusumbue, vyombo vya kizungu vina kelele. Huyo Catherine atakushukuru.

Ni mimi baba yako,
Anselm

Rungwa, 17 Mei 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo, na pole na kikohozi. Asante kwa maelekezo. Nimeziba kama ulivyosema, mpira nimeukaza kwa meno.

Bado sijawasha, gesi imeisha. Festo ataleta mtungi. Dada Catherine anarudi Jumamosi tarehe 25 na wageni wawili, na anataka wakute maji ya moto, kwa hiyo nitawasha siku hiyo alfajiri, Pendo akiwa bado amelala.

Naona aibu kusema, lakini bado naogopa. Usiku nalisikiliza hata likiwa la baridi. Jana nilitaka kukitoa kile kijiti. Nikajiambia, we Yasinta, baba yako amewahi kukupoteza lini? Nikakiacha.

Mwanao,
Yasinta

Mandewa, 19 Mei 2024

Yasinta,

Usiwashe hilo tangi. Salamu baadaye. Usiwashe.

Nimekuja Mandewa kwa dada yako Febronia. Jirani yake ana nyumba ya wageni, na fundi mmoja, Clement, alikuwa anatengeneza hita ya maji pale uani. Nikakaa kumpigia soga. Nikajisifu kwamba hata mimi nimemfundisha binti yangu kuziba valvu inayodondosha. Akaweka spana chini. Akaniuliza, "Mzee, ameshawasha?"

Mwanangu, anasema maji yakipata moto yanavimba, na kile kivalvu ndicho tangi linachopumulia. Ukikiziba halina pa kutokea, linapasuka. Alishaona moja limetoboa paa na kutokea juu. Toa kijiti likiwa la baridi. Kama umeshawasha, funga gesi, mbebe Pendo, kimbieni, wala usiliguse. Najua mnara wenu umekufa, lakini napiga simu yako tangu asubuhi, haipatikani. Barua hii nampa kondakta wa basi la Itigi, ameniapia atamfikishia mwenzake wa Rungwa.

Baba yako

Itigi, 25 Mei 2024

Mwanangu,

Barua yako ya tarehe 17 ilinifikia Sepuka jana jioni. Niliisoma nimesimama, kisha sikuweza kukaa. Nimesafiri na gari la kwanza lililotokea, nimefika hapa Itigi mchana huu. Mtu wa kwanza kumwona stendi ni yule kondakta. Barua yangu ilikuwa bado mfukoni mwake, imekunjwa na tiketi. Nilimshika shati, watu wakatuamulia.

Festo alishapita na mtungi wako. Basi la Rungwa ni Jumatatu. Bodaboda wote wamekataa, wanasema njia ile ina tembo. Leo ni Jumamosi, alfajiri imekwisha kupita. Nimekaa kwenye benchi la stendi naomba Mungu, na sijui naombea jambo linalokuja au lililokwisha kuwa. Barua hii sina wa kumpa. Naiandika kwa sababu lazima niipe mikono kazi.

Baba

Rungwa, 26 Mei 2024

Baba,

Shikamoo. Tuko hai. Naanza na hilo. Mwandiko ni mbaya kwa sababu naandika kwa mkono wa kushoto.

Jana niliwasha. Mwanzo kimya, nikafurahi. Kisha tangi likaanza kugonga, mbao za kitanda zikatetemeka na Pendo yuko juu yake. Miguu ilitaka kukimbia, baba. Nikaizuia. Nikasema, baba alishaniambia ni kelele tu. Nilisimama pale nikijilazimisha kukuamini, mpaka likapiga yowe, ndipo nikamnyakua mtoto na kuruka nje. Nta ilikuwa imeyeyuka. Kijiti kikafyatuka tukipita, mvuke ukanipiga mkono wa kulia, kiwiko mpaka vidole. Pendo hakuguswa. Gesi niliifunga kwa mkono mzima.

Dada Catherine alipofika alitazama ule mpira uliokatika, akakaa chini kwenye vumbi. Anasema ile nta ndiyo iliyotuokoa, ingekuwa chuma tusingeonekana. Nimemwambia nilibuni mwenyewe. Muuguzi wa zahanati anasema vidole viwili hana hakika navyo.

Sina hasira, baba. Nataka kujua kitu kimoja. Uliponiandikia, ulikuwa unajua?

Mwanao,
Yasinta

Itigi, 26 Mei 2024

Mwanangu Yasinta,

Marahaba. Festo amenikuta hapa stendi jioni hii akanipa barua yako ya kwenda Sepuka. Nilipoona mwandiko sio wako, niliirudisha. Nikamwambia anisomee yeye. Aliposoma "tuko hai" nililia kama mtoto, watu wanatazama.

Sikujua. Tangi la namna hiyo sijaliona maishani mwangu. Nilipokuwa naandika nilijua kabisa kwamba sijui, lakini uliniuliza mimi, nami niliona vibaya mtoto wangu asikie baba yake hajui. Ni hilo tu. Hakuna lingine la kujitetea. Huyo Catherine mimi mwenyewe nitamwambia ni nani aliyebuni.

Haya siwezi kuyasema huku nikiuangalia huo mkono wako, ndiyo maana nimeyaandika. Kesho nakuja na basi. Nitakupa barua hii, halafu nitatoka nje mpaka umalize kuisoma. Ukinitaka utaniita.

Baba yako,
Anselm