Mawe Yaliyokuwa Hai

Mjukuu wangu Nasra,

Assalaam alaykum. Hapa Kiembe Samaki sote wazima, na shangazi yako kajifungua mtoto wa kike.

Umeniuliza mbona siku hizi nnasoma habari za ajabu unazonitumia kwenye simu, kisha sijibu. Nikwambie kisa kimoja.

Nilipokuwa msichana, tukikaa mtaa wa Malindi hapa mjini, mwalimu alitwambia kuwa mawe ya nyumba zetu ni matumbawe, na matumbawe hujengwa na wanyama wadogo wa baharini. Nikakimbia nyumbani kumwambia bibi yangu mzaa baba. Alikuwa kaegemea ukuta; akajitoa upesi.

"Kumbe walikuwa hai?" akauliza. "Sasa walipovunjwa, waliumia?"

Nikacheka. Nikaenda kuwasimulia majirani, nao wakacheka, na bibi akasikia. Tangu siku ile hakuniuliza tena nimesoma nini skuli. Mpaka leo sijui jibu la swali lake, wala sijui nilicheka nini.

Nawe mwezi uliopita nilikuuliza swali kwa ujumbe wa sauti, wewe peke yako, ukalituma kwa ndugu zako wakacheka. Sikukasirika, mwanangu. Nilichanganyikiwa tu, nikawa sijui lipi niulize na lipi ninyamazie.

Hii habari ya juzi, kwamba pweza ana mioyo mitatu, nshaisoma mara nne. Nimesafisha pweza umri wangu wote na sikuwahi kuiona. Nipigie, unambie iko wapi.

Mimi bibi yako,
Zuhura