Nyamazeni Niisikie Injini

Mjukuu wangu Deo,

Marahaba. Huku Runazi hatujambo; mama yako mdogo amejifungua salama, na maharage yamekubali. Unauliza kama uliuze gari lako la zamani kwa kuwa linakohoa na kunuka petroli. Hebu subiri.

Wakati wa vita, kijiji chetu kiliwachangia askari maharage. Sisi wasichana tulikaa nyuma ya gari lililoyabeba, juu ya magunia, tukiimba. Karibu na Lusahunga injini ikaanza kukohoa. Dereva, kijana nisiyemjua, akasimama na kuizima.

"Dada zangu, nyamazeni kidogo nisikilize."

Tuliponyamaza, sote tukasikia petroli ikidondoka. Plagi zilikuwa nzima. Mpira wa mafuta ndio uliopasuka, injini ikawa inavuta hewa. Nikampa kipande changu cha sabuni, na sabuni siku zile ilikuwa adimu kweli. Akaziba ufa, akaufunga kwa kitambaa.

Nawe zima redio, usiwashe gari mpaka uone panapovuja.

Injini ikanguruma vizuri. "Sasa imbeni," akasema.

Wenzangu wakaimba. Mimi nilikuwa namtazama babu yako.

Bibi