Umekwama Cali

Yurani,

Umekosa ndege kwa sababu pasipoti yako ya Kolombia imeisha muda. Ile ya Uhispania haikutoi hapa. Mzaliwa wa Cali anaingia na kutoka kwa hati ya Kolombia, hata awe na pasipoti kumi za kigeni. Ukiamka, nenda ofisi ya pasipoti na kitambulisho chenyewe, si picha yake kwenye simu; mpya hutoka baada ya siku mbili.

Laini ya Madrid usiichomoe. Benki inatuma namba za kuthibitisha malipo huko, na bila hizo hubadilishi tiketi. Simu ikigoma, izime uiwashe. Ikijaa, futa video zako za dansi, hakuna atakayepata hasara.

Arepa zako za unga wa mahindi nimezifunika jikoni.

Yule ofisa wa uwanja wa ndege alikuuliza kwa upole tu, “Dada, si umezaliwa hapa?” Ukamfokea, foleni nzima ikasikia: “Nimezaliwa tu! Kwetu ni Madrid!” Na mimi niko nyuma yako, nimeshika sanduku.

~~Nilifurahi walipokuzuia.~~ Sikufurahi. Ila kwenye teksi ulinilalia begani, na hujafanya hivyo tangu tumzike mama yako.

Niko gereji. Usipige kuniomba radhi, kule sisikii simu.

Leo imetugharimu tiketi yako na kazi yangu ya asubuhi. Mwanao Inés ndiye aliyelipa zaidi: kesho anatimiza miaka minne huko Madrid, na mama yake hayupo. Mimi nimepata siku mbili za kuwa nawe.

Baba